Wengi Wanaonipinga

Tarehe 4 Machi

Kaka Mbishi,

“Kazi ya mtafiti huyu inanukuliwa sana, lakini wengi wanaoinukuu wanaipinga.” Umeandika hayo kwenye jarida la mwezi uliopita, tena bila aibu. Nikakaa nikawatafuta hao wengi. Makala yangu ya dawa ya kifafa imenukuliwa mara kumi na nne. Wawili wameikubali bila kuisoma, maana hata jina la dawa wamelikosea. Mmoja ni mimi mwenyewe. Kumi na moja waliobaki ni wewe. Hao wengi ni wewe mtupu!

Haya, salamu sasa. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, ila maabara nimebaki na friji inayonguruma. Msaidizi wangu amehamia kiwanda cha sabuni, wala simlaumu.

Kamati imeninyima uprofesa. Wanasema hakuna maabara nyingine iliyothibitisha matokeo yangu. Uprofesa wakae nao. Kinachonichoma ni kwamba kwa sababu hiyohiyo mwongozo wa dozi haubadilishwi. Mtoto aliyekonda kwa utapiamlo anapimiwa dawa kama mwenzake aliyeshiba, dawa inakawia kwenye damu, mtoto anashinda amelegea, na mama anaambiwa ni ugonjwa. Hayo niliyasema miaka tisa iliyopita. Wewe umebisha kwa hesabu za karatasi tu, hujapima hata tone moja. Mashine unayo. Pima!

Dada yako,
Mkaidi

Tarehe 29 Machi

Dada Mkaidi,

Salamu nyingi, na pole kwa hiyo kamati. Kikohozi kipo, lakini siku hizi kinakohoa kwa adabu.

Kumi na moja? Mimi nilidhani tisa. Basi na mimi nimehesabu: wewe umeninukuu mara ngapi tangu tulipoachana pale kwenye maabara ya mwalimu wetu, tukigombania stuli moja? Sufuri. Hata tusi kwenye tanbihi sijapata! Nabisha peke yangu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yenye taa, asifunguliwe.

Unajua huku nani ananisoma? Wanafunzi wangu wawili wanasoma muhtasari, wanatikisa kichwa, wanaenda zao. Nyumbani hakuna wa kumwambia kitu. Nikitaka kugombana na mtu anayesoma mpaka jedwali la mwisho, ninaye mmoja tu, naye amenuna miaka tisa.

Lete sampuli, nitapima. Sharti langu moja: nikushinde nisikushinde, utaninukuu. Rejea ya kwanza, siyo ya thelathini huko chini.

Kaka yako,
Mbishi

Tarehe 12 Aprili

Kaka,

Hujambo? Umeenda kuonyesha hicho kifua, au unabishana na madaktari pia?

Boksi hili lina barafu kavu, ile inayounguza vidole, usilivamie kwa pupa. Ni nusu ya damu yote ya wale watoto niliyo nayo. Sijawahi kumpa mtu mwingine.

Sharti nimelikubali. Rejea ya kwanza ni yako. Usijisifu.

Dada yako,
Mkaidi

Tarehe 20 Julai

Kaka Mbishi,

Salamu. Mimi mzima. Wewe je?

Kila Jumatatu nafungua ukurasa wa nukuu zangu. Bado kumi na nne. Si kawaida yako kunyamaza hivi, kwa desturi ungekuwa umeshanirarua mahali. Kama umepima ukakuta nimeshinda, sema tu, nitacheka kidogo. Kama nimeshindwa, sema pia. Hata ukinitukana, andika.

Dada yako

Tarehe 9 Oktoba

Kaka,

Leo sikuulizi hali. Tanzia yako nimeiona kwenye jarida, ukurasa wa nyuma, chini ya tangazo la mizani. Mistari sita. Wametaja idadi ya makala zako, wakataja idadi ya nukuu, kisha wakasema ulikuwa mtu mtulivu. Mtulivu! Ningeandika kukanusha, lakini aliyekuwa akinisoma ni nani?

Sasa nasema na nyinyi, wanafunzi wake wawili, mnaofungua barua zake. Boksi langu limo kwenye friji yenu, lina mwandiko huuhuu. Wekeni muhtasari kando. Someni makala yangu mpaka jedwali la mwisho, kama alivyoisoma yeye, kisha pimeni ile damu. Mkikuta nimekosea, andikeni waziwazi kwamba nimekosea. Mkikuta nilisema kweli, andikeni upesi, maana kuna watoto wanaendelea kunyweshwa dozi ileile. Wala msinionee huruma. Yeye hakunionea huruma hata siku moja.

Makala mpya nimeshaianza, na rejea ya kwanza nimeiacha wazi. Ijazeni kwa makala ya vipimo hivyo. Jina lake litangulie, yenu yafuate.

Dada yake,
Mkaidi