Jumapili Niliyokuchelewesha Biharamulo

Mpendwa Mama Devota,

Barua hii naiacha wazi, bila bahasha, kwa sababu anuani yako sina. Nimeinakili kwa mkono mara sita na kuwapa madereva wa malori wanaovuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda. Yeyote atakayeisoma, kama anamfahamu Konsolata, ndiye wewe Mama Devota, aliyekuwa mwalimu kwao Rwanda kabla ya vita, mwenye kovu dogo kidevuni, namwomba amfikishie. Huu ni mwezi wa saba nakutafuta.

Unakumbuka tulivyofahamiana. Ulitoka kambi ya wakimbizi ukaja shambani kwangu Kasulo kuomba kibarua, nikakupa jembe, na jioni nikakupimia maharage. Siku ya tatu ulionja pombe ya ndizi niliyokuwa nimetengeneza, ukaniambia kwa upole kwamba mtama nilioutia niliukaanga mno. Baba yako alikuwa mtengenezaji wa pombe, na wewe ulikua karibu na mtumbwi wa kukamulia ndizi. Tangu siku hiyo sikukuita kibarua tena, ingawa maharage niliendelea kukupimia. Hilo nalitaja kwa makusudi, utaona.

Binti yangu Leokadia alipochumbiwa na kijana wa Muleba, nikaingiwa na hofu. Wahaya wanajua pombe ya ndizi kuliko sisi, na mume wangu alisema hataki aibu mbele ya wakwe. Tukasikia kwamba Biharamulo mjini kuna kina mama wanaotengeneza mvinyo wa ndizi unaowekwa kwenye chupa na kutulia miezi mingi. Nikaenda mwenyewe ofisi ya kambi kukuombea kibali cha siku mbili, Jumamosi na Jumapili, uje unionjee. Watoto, Devota na Emanueli, ulimwachia mama yako.

Siku ile ya kwanza naikumbuka yote. Shemeji yangu alitushusha na pikapu yake chini ya boma la Wajerumani. Ulitaka tupande kuliona, tukapanda. Ulipitisha kiganja kwenye ukuta ule mnene mweupe, ukauliza waliojenga walilipwa nini. Kisha tukaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Ulikuwa unainua glasi kwenye mwanga, unanusa, unachukua funda dogo na kulikalisha mdomoni, halafu unatema pembeni kwa adabu. Mvinyo wa kwanza ulisema umetiwa sukari. Wa pili ulisema umeharakishwa. Yule mama wa nyumba ya tatu alikasirika, akakuuliza wewe mkimbizi umejulia wapi mvinyo, nawe ukamjibu kwamba ndizi hazijui mipaka. Hata yeye alicheka. Ulicheka pia, na mimi nikagundua kwamba mwaka mzima na zaidi sikuwa nimewahi kukusikia ukicheka.

Jumapili, baada ya misa, shemeji alisema saa sita anaondoka. Tulikuwa tumeshapata mvinyo uliokuridhisha. Lakini mtu mmoja kanisani alikuwa ameniambia kuna bibi mmoja nje kidogo ya mji ambaye mvinyo wake hauna mfano, na mimi nikautaka.

Uliniambia, "Mama Leokadia, kibali changu kinaisha leo. Na watu kambini wanasema tutaondolewa."

Nikakujibu, "Hayo ni maneno ya sokoni. Bado nyumba moja tu."

Ulijifunga kitenge vizuri, ukanifuata. Wakati ule nilidhani umekubali. Sasa najua hukuwa na namna ya kunikatalia, maana mimi ndiye niliyekupimia maharage. Hilo ndilo linalonila.

Bibi yule hakuwepo, tukamsubiri. Alipokuja akaanza hadithi, mimi nikabishana naye bei, na wewe ulilowesha midomo tu, ukasema ni mzuri, twende. Pikapu ilikuwa imekwishaondoka. Tulilala kwa masista, na hukula.

Jumatatu tulipata lori la mahindi. Kabla hatujafika Kasulo, askari walitusimamisha kupisha watu wa kambini waliokuwa wanarudishwa kwao. Barabara yote ilikuwa imejaa, kina mama na magodoro kichwani, wazee wanasukumwa kwa baiskeli, wote wanaelekea Rusumo. Uliruka chini kabla lori halijasimama sawasawa. Mwanamke mmoja wa mtaa wenu wa kambini alikutambua, akakwambia mama yako na watoto walipita asubuhi, na kwamba Emanueli alikuwa anakuita.

Nilishuka nikakushika mkono. Ulinitazama bila hasira, na ningekushukuru kama ungekuwa na hasira. Ulisema, "Usinifuate. Wewe una kwenu." Ukajitoa mkononi mwangu, ukaanza kukimbia kando ya watu.

Nilikufuata hata hivyo. Nilitembea labda nusu saa nikiita jina lako, mpaka askari mmoja akaniuliza mimi ni nani, nikasema Mtanzania, Mhangaza wa hapa hapa, akaniamuru nirudi. Nikarudi. Sikumbembeleza, Mama Devota. Nilirudi kwenye lori, na chupa zangu hazikuvunjika hata moja.

Harusi ilifanyika. Wakwe waliusifu mvinyo wa yule bibi mpaka wakauliza umetoka wapi. Mimi nilitoka nje nikatapika nyuma ya jiko, na watu wakadhani nimelewa.

Nimekwenda kwa watu wanaotafuta ndugu waliopotezana, wameandika majina yenu manne. Nimewauliza wafanyabiashara wote wanaotoka ng'ambo. Mmoja alisema alimwona mwanamke akifundisha watoto chini ya turubai, lakini hakukumbuka kovu. Mwingine alisema kuna mama anazunguka sokoni akiuliza habari za watoto wawili. Siku hiyo sikuweza kulima. Najikuta naomba Mungu mama huyo asiwe wewe, halafu naomba awe wewe, maana angalau utakuwa hai.

Leokadia ana mimba ya miezi mitano. Anataka akijifungua mtoto wa kike amwite Konsolata. Nimemkatalia kwa ukali mpaka akalia, kwa kuwa hapa kwetu wengi huwaita watoto majina ya waliotangulia. Sitaki jina lako liitwe uani kwangu na mtu mwingine kabla wewe hujaliitikia.

Kama uliwapata watoto, niandikie hilo tu, neno moja linatosha. Kama hukuwapata, niandikie matusi. Nilaani kwa jina langu na la nyumba yangu, nitayasoma yote. Ila uwe ni mwandiko wako.

Ni mimi, aliyekwambia bado nyumba moja,
Mama Leokadia wa Kasulo