Santuri Iliyokuwa na Zamu

Mpendwa Bi Mkubwa,

Shikamoo. Najua hutaitika, na wala sioni ajabu, maana mwaka wangu wa kwanza nyumbani kwako salamu zangu uliziitikia puani, tena umenipa mgongo. Leo nakuamkia kwa raha zangu. Jana tumevunja jungu, tumekula tukasaza, na asubuhi hii nimeamka nina mengi ya kukueleza wewe kuliko niliyonayo ya kumweleza mtu yeyote aliye hai hapa Bagamoyo.

Tumechagua nyimbo za mwaka, kama kawaida yetu. Zena, binti yako, alikuja na sahani mpya za santuri kutoka Dar es Salaam, na wajukuu wako wakakaa ukumbini wakijidai majaji. Wanadhani desturi hii ilianzishwa na mababu. Hawajui kwamba tuliianza mimi na wewe, tena siku ambayo nilikuwa nimekwisha funga nguo zangu nirudi kwetu Mkange.

Unakumbuka bwana wetu alipoileta santuri? Alikuwa na wake wawili na santuri moja, na kwa jinsi alivyoogopa dhambi ya kupendelea, akaamua santuri ifuate zamu yake. Akilala kwako, santuri iko kwako. Zamu yangu ikifika, namwona anakuja ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, tarumbeta lake limetangulia mlangoni. Majirani hawakuwa na haja ya kuuliza bwana yuko upande gani wa nyumba. Walisikia.

Na walisikia mengi. Wewe ulikuwa na ule wimbo wa ndege aliyeingia tundu la mwenziwe akajifanya amelijenga yeye. Zamu yako ikifika, asubuhi, hata chai haijachemka, ndege huyo! Tena tarumbeta umeligeuzia ukutani kwangu. Mimi nami nikangoja zamu yangu, nikakujibu kwa wimbo wa tikiti lililonawiri nje na ndani limeoza. Bwana akanywa chai yake kati ya ndege na tikiti, hajui atazame wapi, akasema tu, "Mashallah, sauti iko wazi kabisa."

Siku hizi naucheka mchezo ule, lakini wakati ule ulinichoma. Nilikuwa mgeni mjini, sina ndugu, sina shoga. Nikienda kisimani wanawake wananyamaza, nikiondoka nasikia kicheko. Na kibaya zaidi, Bi Mkubwa, wimbo wako ulikuwa mtamu. Nilikuwa nikitwanga mpunga najikuta ninauimba, tangu mwanzo hadi mwisho, mchi unaufuata. Nikishtuka nanyamaza, baada ya kitambo nimeanza tena. Kuchomwa ni jambo moja, lakini kuchomwa na kitu unachokipenda, hilo lilinishinda.

Basi Shaaban ilipokaribia kwisha nikamtumia kaka yangu salamu aje anichukue baada ya kuvunja jungu. Talaka ningeidai nikiwa kwetu. Nikaanua kanga zangu, nikazikunja, nikazifunga furushi nikalisukuma uvunguni. Sikumwambia mtu. Nilitaka nile ule wali wa mwisho, kisha niondoke wala nisisikie tena habari za ndege.

Siku yenyewe bwana akatangaza kwamba mwezi mtukufu ukiandama santuri itafungwa, na sahani zimekuwa nyingi kuliko sanduku. Kila mke achague wimbo mmoja ulioupendeza moyo wake mwaka huo, hizo ndizo zitakazobaki. Masikini, alidhani anatengeneza. Baada ya alasiri ua wetu ulijaa wanawake wa mtaa mzima, na hawakuja kwa ajili ya wali. Walikuja kutazama Bi Mkubwa na Bi Mdogo wakivuana nguo hadharani.

Nikaanza mimi. Nikachagua tikiti, nikacheka cheko la kulazimisha, na baadhi wakanipigia makofi. Halafu ukasimama wewe, ukajifunga kibwebwe polepole, uso hauna hata tabasamu.

"Wangu mimi ni wa ndege," ukasema.

Vigelegele vikapanda. Bwana akaishika sahani, wewe ukamzuia mkono.

"Iache hiyo. Imekwisha kwaruzika, inaguna tu. Aimbe Bi Mdogo."

Nilijua unataka nijitukane kwa kinywa changu mwenyewe mbele ya watu. Nikasema, "Mimi siujui."

"Huujui, nawe unautwanga kila siku?" Ukawageukia wale wanawake. "Sikilizeni, sitawadanganya. Mwanzo nilimpiga kijembe huyu, na nilikusudia kimfike. Halafu nikamsikia kwenye kinu. Anamshinda huyo wa ndani ya sahani! Tangu siku hiyo naupiga ili nimsikie akiitikia. Nilidhani anajua."

Sikujua, Bi Mkubwa. Ningejuaje? Ukuta ulinipa wimbo tu, haukunipa uso wako. Nilisimama pale machozi yananilengalenga, nikaona aibu ya kulia imezidi aibu ya kuimba, nikaimba. Ubeti wa kwanza sauti ilitetemeka. Kwenye kiitikio ukaingia na wewe, na Mungu akurehemu, sauti yako haikuumbwa kwa kazi hiyo, ilikuwa kama mlango unaolilia mafuta. Lakini ulishika nami mpaka mwisho, na wanawake waliokuja kutazama ugomvi wakabaki wanapiga makofi, hawana pa kuupeleka umbea wao.

Jioni tulikutana jikoni sisi wawili. Ulikuwa unakuna nazi, hukuinua kichwa.

"Kamba yako haina kanga hata moja," ukasema. "Ulidhani sina macho, wala sikuzisikia salamu ulizotuma Mkange? Kaka yako akija mpakulie ashibe, kisha arudi kwao salama. Wewe unakaa humu."

"Nitakaa, Bi Mkubwa."

"Na kesho utie chumvi kidogo kwenye mchuzi wako. Unatuua."

Kaka alikuja, akala, akalalamika kwamba nimemwachisha palizi bure, akaenda zake. Nami nimekaa. Nimekaa mpaka meno yameanza kuniaga. Kila Shaaban tulichagua nyimbo, na hatukupata kukubaliana hata mwaka mmoja. Wewe ulipenda mlio wa udi na maneno mazito, mimi napenda ngoma na kitu cha kuchekesha. Bwana alipofariki tulikaa eda chumba kimoja, na tulipotoka watu wakangoja waone nani ataichukua santuri. Ukasema iwekwe ukumbini, haina zamu tena. Tukabaki wajane wawili na santuri moja, na siku zile, nakwambia kweli, zilikuwa siku njema kuliko zote nilizoishi.

Sasa nikueleze ya jana. Kati ya sahani za Zena kuna wimbo wa kijana anayeisifia baisikeli yake, kengele zinalia mle ndani, vinanda vinakimbizana. Ungeuchukia. Ndiyo maana niliuchagua. Nikausifu kwa sauti, nikageukia upande wa mlango wa chumba chako, nikangoja upinge.

Zena akasema, "Sawa, mama mdogo. Ukiupenda wewe, sote tumeupenda."

Wimbo ukapita hivyo hivyo, kwa heshima yangu ya uzee, na papo hapo ushindi ukaniwia mchungu. Hapo ndipo nilipokukumbuka hadi nikalirudisha tonge siniani. Kufiwa nilidhani nimezoea. Sikuwa nimezoea kukubaliwa.

Nikanawa mikono, nikasimama katikati ya ukumbi. "Huo ulikuwa uamuzi wa Bi Mdogo," nikawaambia. "Sasa Bi Mkubwa anasema hivi: huo si wimbo, ni debe limeanguka ngazini, na aliyeuchagua akapimwe masikio." Nilisema kwa sauti yako, na jicho lako lile la pembeni. Wajukuu walicheka wakagaagaa. Zena kwanza alitokwa na machozi, kisha akainuka, akaanza kuitetea baisikeli kana kwamba ni yake. Nikambishia. Akanibishia. Kila neno lako nililijua, hata nisilowahi kukusikia ukilisema. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi, na kura zilipopigwa, baisikeli ikaanguka.

Mwaka huu tena wewe umenishinda, Bi Mkubwa, na sijafurahi hivi tangu tulipokuzika.

Mungu akupanulie mahali pako, upumzike bila wa kukuudhi.

Mimi mke mwenzio,
Bi Mdogo