Mshambuliaji Asiye na Ijumaa

Mjomba wangu,

Tangu wakuzike Mombasa sijakuandikia, kwa kuwa sikuwa na la kusema. Leo ninalo, nalo ni la mpira, kwa hiyo usitarajie machozi. Nimeyangoja mwenyewe, hayajaja. Nafungua duka Ras Al Khor, nauza gia na taa za magari, nafunga, nalala.

Unaukumbuka ule mkahawa wa Bur Dubai tulikokaa kila Ijumaa baada ya swala tukingoja mechi yetu ya jioni? Wewe mwenyekiti wa timu ya watu wa Pwani, umekalia kiti cha ukutani, sisi mashabiki tumekuzunguka na chai zetu. Ligi yetu ya Waafrika Mashariki ilikuwa imeweka kikomo: hakuna timu kutumia zaidi ya dirhamu elfu sita kwa posho za wachezaji msimu mzima, ili matajiri wasinunue kombe. Sheria nzuri. Ilimtaka tu mtu ajuaye kugawa.

Wewe ukampa Wafula, mshambuliaji wetu mpya, elfu nne. Mtu mmoja!

"Huyu atatumalizia ligi," ulisema.

Nikauliza, "Mjomba, ofu yake ni siku gani?"

Wafula alikuwa mlinzi wa jengo kule Silicon Oasis, na walinzi hawapumziki wote Ijumaa. Ulinitazama kama niliyekuvunjia heshima. "Wewe uza vipuri. Mpira niachie mimi niliyekuleta Dubai."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Kweli ulinileta. Lakini kuosha injini za watu mpaka nikapata duka langu, hilo nililifanya kwa mikono hii, na hukuwahi kulitaja mbele za watu.

Ofu yake ilikuwa Jumanne. Mechi mbili za kwanza alibadilishana zamu na mwenzake, akafunga mabao matatu, ukatembea kama umemzaa wewe. Kisha msimamizi wake akasema khalas, hakuna tena kubadilishana. Elfu mbili zilizobaki zilikuwa za wachezaji kumi na wanne. Mia na arobaini na mbili na sarafu kwa kila mtu, haitoshi hata nauli ya kuja uwanjani. Kipa akaacha kuja. Mabeki wawili wakahama. Nilikuwa tayari kuongeza kutoka mfukoni mwangu, lakini kikomo ni kikomo.

Mkahawani kukawaka. Haji, yule fundi cherehani wa Unguja, akaanza: "Mwenyekiti, huyo mshambuliaji wako twamuona pichani tu? Basi ipelekeni hiyo picha ikapige kona!"

Kamau wa teksi akadakia, "Mzee, huyo ni straika wa Jumanne. Labda tuhamishe ligi yote."

"Nyinyi kazi yenu kushangilia," uliwajibu. "Usajili una wenyewe."

Hukunitazama. Mimi nilikuwa nangoja neno moja tu kutoka kwako: mpwa wangu, ulisema kweli. Hata uliporudi nyumbani na maradhi yako, nililingoja. Siku ile uliponipigia simu, sauti imekwisha, uliuliza, "Wafula amefunga?"

"Yuko kazini, mjomba."

"Haya," ukasema, ukampa mama simu. Ndilo neno lako la mwisho kwangu. Haya.

Baada ya matanga, mashabiki walinitaka nishike nafasi yako. "Nani mwengine?" akasema Haji. "Weye ndo mwenye hesabu." Nikakataa. Kisha Ijumaa moja Wafula mwenyewe akatokea mkahawani, ameomba ruhusa ya saa moja, amevaa sare ya kazi. Alikuja kutoa pole. Alipomaliza akatoa bahasha.

"Siwezi kula pesa ya watu nisiowachezea," akasema. "Zote ziko hapa."

Sheria ya ligi iliruhusu. Pesa ikirudi kabla ya nusu ya msimu, nafasi yake kwenye kikomo inafunguka. Wote wakanigeukia mimi.

"Mjomba wako angekataa," alisema Kamau. "Angesema aliyepewa amepewa."

"Najua."

Nikahesabu, nikamrudishia Wafula za mechi mbili alizocheza, zilizobaki nikapokea. Hakuna aliyepiga kura, ila tangu dakika ile wakaanza kuniita mwenyekiti. Nilimrudisha kipa kwa nauli inayoeleweka. Nikasajili mabeki wawili na kiungo mmoja, na kila mmoja nilimuuliza ofu yake kabla sijamuuliza jina.

Jana tumeshinda mbili bila. Haji alinirukia shingoni, watu wakaimba jina langu, nami nimesimama pale kama mtu anayengoja basi. Mkahawani wakaniuliza msimu ujao tumpe nani posho kubwa. Nikasema hakuna posho kubwa, tunagawa sawa. Wakaitikia wote papo hapo. Hata Kamau, mjomba. Nilingoja kidogo, huenda mtu angebisha. Wakaagiza chai.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Ulistahili kuwepo uikatae.

Pumzika, mjomba.

Mpwa wako