Joho Lako Mlangoni

Kwa Mimoun, mume wangu uliye Uhispania,

Pokea salamu za nyumbani. Mbuzi kazaa mapacha, na mama yako bado ana ugomvi na jino lake.

Bangi yote tumeshavuna, isipokuwa ule mmea wako wa mlangoni, uliosema usiguswe mpaka ukomae. Mwaka huu baridi imewahi, mlimani theluji imeshashuka. Basi kila jioni niliuvika joho lako la sufu, mpaka na kofia yake.

Juzi alfajiri mzee Hammou alipita. Nikamsikia nje: “Ah, Mimoun! Umerudi lini, wewe? Mbona huitikii salamu? Ulaya imekutia kiburi!”

Nilitoka mbio bila viatu.

Tulicheka mpaka mama yako akasahau jino. Hammou akanitania: “Binti yangu, huyu angalau anakaa nyumbani.”

Jana nywele za maua ya mmea wako ziligeuka hudhurungi, ishara kwamba umekomaa, nikaukata. Umetoka mzuri, unanata kama asali. Joho linanuka bangi tupu, na silifui. Njoo ulivae hivyo hivyo.

Ni mimi mkeo, Tlaitmas, ambaye miguu yake haijapata joto tangu juzi.