Ukurasa Usio na Kosa

Jumatatu, 3 Machi 1986

Somo la saba. Saa nzima baada ya chai. Kidole kidogo cha kushoto ni kivivu, kinapiga q mahali pa a. Vidole hivi vimezalisha akina mama miaka thelathini, leo vinashindwa na herufi moja. Aibu.

Binti yangu Njeri ameandika kutoka Nakuru. Anauliza mtu wa miaka hamsini na nane anasomea taipu ya nini, nani atamwandika kazi. Hakuna. Nimechoka kufuma sweta, basi. Tangu baba yake afariki nyumba imenyamaza vibaya. Mashine ina kelele. Naipenda kwa hilo.

Si yangu. Ni ya Mwalimu Kosgei, jirani wa ng'ambo ya ua, hedimasta mstaafu. Alinipa Januari, hakuniuliza mara mbili. Herufi r huruka juu ya mstari, ndiyo ila yake. Sanduku la posta pia ni lake, mimi sina. Bahasha za chuo, maana nasoma kwa posta, hufika kwake, naye hunipitishia juu ya ua pamoja na chupa ya mursik, maziwa ya kugandisha ya mkewe, Mama Chebet.

Ijumaa, 7 Machi

Somo la nane, barua za ofisi. Chini kabisa, kushoto, mpigaji huweka herufi za jina lake, ndogo ndogo. Kosa likionekana, mwenyewe anajulikana. Nimepiga zangu mara ishirini: nk. Nyambura Kamau. Zimependeza.

Kwenye kazi za kutumwa chuoni hatuziweki. Ni namba ya somo na sanduku la posta tu.

Jumanne, 11 Machi

Mtihani wa somo la tisa: nakili ukurasa mzima wenye maneno marefu, bila kosa. Kosa moja, unarudia. Nimejaribu Zaburi. Nazijua kwa moyo, vidole vinatangulia macho. Makosa sita. Mara ya pili tisa. Nikatukana peke yangu jikoni.

Ndengu za sokoni zilikuwa zimefungwa kwa karatasi iliyopigwa taipu, mistari mizuri, maneno marefu kweli. Nikaikunjua, nikaisimamisha kwenye bakuli la sukari. Kitabu kinasema usifuate maana, fuata herufi. Nikafuata herufi.

Hakuna kosa! Nimeukagua mara tatu kwa rula. Hata moja. Nimecheka kama mwehu, nikaukimbiza posta mwenyewe kabla hawajafunga.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada watu walikuwa wakinong'ona chini ya ukuta. Kuna karatasi zinazotukana serikali, zinazagaa mjini. Mtu wa Burnt Forest amechukuliwa kwa kukutwa na moja mfukoni. Posta wanafungua barua.

Ukurasa ule ulisema nini? Najiuliza kana kwamba sijui. Neno serikali nililiona mara tatu. Wizi nililiona. Nilikuwa naona nusu nusu na sikutaka kusimama, kwa sababu nilikuwa sijakosea.

Nimetia ile karatasi ya ndengu kwenye jiko. Kisha nikafanya jambo baya. Nimebeba mashine nikairudisha kwa Mwalimu. Nimemwambia vidole vinaniuma, nitapumzika kidogo. Ameniamini. Ameniombea nafuu.

Alhamisi, 27 Machi

Wamekuja asubuhi, wanne, gari la kiraia. Hawakuja kwangu. Sanduku ni la Mwalimu. Mashine ilikuwa mezani kwake. Walipiga r moja tu, wakaitazama, wakamwambia avae viatu.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Alitazama upande wa nyumba yangu mara moja. Nami sikutoka.

Ijumaa Kuu, 28 Machi

Sikwenda kanisani. Mimi ni mwoga. Nimeandika hivyo niisome.

Jumanne, 1 Aprili

Nimekwenda kituoni. Nimesema yote: ndengu, somo la tisa, sanduku la kuazima. Yule mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Akaleta mashine na gazeti, akasema nipige.

Nilikosea tangu neno la kwanza. Q mahali pa a. Mistari minne, makosa kumi na moja. Nikaomba nianze tena. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi, jasho lilidondoka kwenye karatasi.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliniinua kwa kiwiko. "Mama, enda tu nyumbani. Mwenye alipiga hiyo karatasi ni fundi."

Miezi mitatu nilitaka mtu aniambie hivyo.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemwambia Mama Chebet. Alikuwa akichambua mboga, hakuinua uso. Akasema, "Ungeniambia hiyo siku ulirudisha mashine. Ningeitupa kwa choo." Akabeba sufuria akaingia ndani.

Jumatano, 23 Aprili

Miaka mitatu. Kesi haikuchukua hata dakika kumi. Mwalimu alikubali kosa. Amekonda, kola imempwaya. Walipomuuliza kama ana wenzake, alisema hana.

Anajua ni mimi. Hawezi kukosa kujua. Namchukia kidogo kwa kunyamaza. Halafu najichukia kwa kumchukia.

Juu ya ua hakuna chupa tena.

Jumatano, 7 Mei

Mama Chebet ameniita uani. Mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Amenipa barua ya mkono, rufaa ya mumewe. "Ya mkono hawasomi," akasema, akaondoka. Hakunisalimu.

Ijumaa, 9 Mei

Nje ya mahakama kuna mzee anayepigia watu barua. Nimemwomba aniachie kiti. Alisitasita, kisha akasogea na kwenda kutafuta chai.

Kurasa mbili. Sikuangalia vidole. Safari hii nilifuata maana, kila neno: mgonjwa wa sukari, mwalimu wa miaka thelathini na mitano, hajui lolote. Kidole kidogo kilikwenda mahali pake. Nilipomaliza nikakagua kwa rula ya yule mzee. Hakuna kosa.

Chini, kushoto, sikuweka herufi mbili. Nimepiga jina lote, Nyambura Kamau, nyumba ninayokaa hapa mtaa wa Pioneer, na kwamba ukurasa wa Machi pia niliupiga mimi. Waweke kurasa hizi na ule pamoja, watazame mkono.

Mama Chebet alizisoma zote mbili amesimama. Alipofika chini alikaa. Kisha akatia sahihi, tukaenda posta pamoja.

Mfuko nimeufunga: sweta, sabuni, dawa za presha. Uko karibu na mlango. Kuku wamekula.