Perege na Salamu za Mama Laurinda

Eliza, nimemwambia mama mkwe, Mama Laurinda, kwamba anaua. Kwa maneno hayohayo, mbele ya jirani.

Unamkumbuka yule perege ambaye mume wangu Kasiani alimleta ndani ya debe kutoka mto Ruvuma. Tangu tumtie kwenye tangi la kioo anajificha ndani ya kipande cha chungu, hali chochote, rangi imempauka. Nikafunika kioo kwa kanga, nikazima redio. Samaki mwenye hofu anahitaji giza na utulivu tu.

Lakini Mama Laurinda kila akipita anafunua kanga na kugonga kioo: "Hodi humo! Mgeni, umeamkaje?" Kwao Kilambo mgeni hapitwi bila salamu.

Leo amegonga kwa nguvu, samaki akajibamiza kwenye kioo. Nikasema, "Mama, wewe ndiye unayemuua!"

Wewe ndiye unayemuua. Eliza, nimesema mimi!

Akajibu polepole, "Basi mwanangu, niwapishe, wewe na samaki wako." Sasa anafunga mizigo, na Kasiani bado yuko kazini bandarini.

Nyumba iko kimya. Samaki ametoka, anakula.

Njoo upesi umbembeleze mama, wewe anakusikiliza. Ila usimwambie kwamba samaki anakula.