Kutoka Phoenix na Kurudi Jioni

Jumatatu, 9 Machi 2015. Phoenix.
Leo tena. Kaka Japheti kawasha gari kabla sijamaliza chai. Kapakia maji, viazi vya kuchemsha na mto wa Mama wa kukalia. Juzi ilikuwa milima myekundu. Jana, baada ya ibada, mji wa zamani wa wachimba shaba. Leo ziwa katikati ya majabali. Kaka yangu hatembezi watu, anafanya kampeni. Anataka Mama abaki kwake huku jangwani, na silaha zake ni jua na barabara.

Mimi nataka arudi nami Buffalo Jumamosi. Ndiyo vita yenyewe, na mwenye kupiganiwa hajasema neno.

Ziwani Mama hakushuka garini. Alilitazama kupitia kioo, akauliza tutarudi saa ngapi. Hata milango hatujafungua! Japheti akanuna. Mimi nikafurahi, wala sikuona haya.

Jumanne, 10 Machi.
Hatukutoka. Japheti yuko kiwandani. Mama kashinda kibarazani, miguu juani. Kasema magoti hayamuumi. Kasema tena baadaye, na sikuwa nimemuuliza.

Buffalo, tangu baridi ianze, hajavuka mlango ila kwenda kanisani, tena kwa kushikwa huku na huku asiteleze. Najua. Hakuna haja ya kunikumbusha.

Nimempigia mume wangu, Daudi. Anasema nyumba imepooza. Neema kampokonya baba yake simu, kauliza kwa Kiingereza chake Bibi anarudi lini, kisha kaanza kunisimulia habari za shule.

Niandike ukweli, maana hakuna wa kuusoma. Kule ghalani nafunga maboksi zamu nzima, sisemi na mtu. Nikirudi namkuta Mama jikoni, namwaga yote. Daudi ni mume mwema lakini si msikilizaji. Japheti ana sababu ya magoti ya Mama. Sababu yangu ni mimi mwenyewe.

Jumatano, 11 Machi.
Sijui nianzie wapi.

Japheti kabadilishana zamu, katupeleka kusini kwenye hifadhi ya jangwa. Madungusi ya miiba, marefu kuliko nguzo za umeme. Mama akashuka! Akasema anyooshe miguu kidogo. Sisi tukabaki kwenye meza ya mawe, tukibishana kwa sauti ya chini. Mimi: nani atakuwa naye wewe ukiwa kazini? Yeye: na kwako yuko na nani, theluji? Tulipogeuka, Mama hayupo.

Tulimkuta ng'ambo ya korongo kavu. Kavua kanga ya juu, kaitandika chini, kaijaza kuni. Kuni! Nene chini, nyembamba juu, fundo tayari. Jiko la Japheti ni la umeme. Lakini mwanamke aliyepikia familia katika kambi ya wakimbizi miaka yote ile hawezi kupita kwenye kijiti kikavu akakiacha. Mikono inainama yenyewe. Nilianza kucheka.

Ndipo ikasimama pikapu ya mlinzi wa hifadhi. Dada wa makamo, sare, kofia pana. Mama kuiona sare tu akauachia mzigo, akakaa mchangani, miguu kainyoosha mbele, mikono juu ya kichwa.

Hivyo ndivyo walivyokalishwa kule Kigoma, wanawake waliokutwa na kuni nje ya mpaka wa kambi bila kibali. Kwenda ilikuwa kwa kunyemelea, kurudi ilikuwa kabla askari hawajakuhesabu. Nilikuwa mdogo, nilimwona amekaa vile, nikakimbia kumwita Baba. Nilidhani Mama amesahau. Nilidhani hata mimi nimesahau.

Yule mlinzi alishtuka kuliko sisi. Akavua kofia, akachuchumaa, akamwonyesha kwa ishara ashushe mikono. Japheti akamweleza habari za kambini. Dada akasema hakuna faini. Ila kuni za pale haziokotwi, ni nyumba za wadudu na ndege. Nikamtafsiria Mama. Akainuka, akafungua kanga, akaanza kurudisha. Kijiti hiki hapa, kile pale. Alikumbuka kila alipookota. Nikataka kumsaidia, akanizuia. Tukasubiri sote, na mlinzi akasubiri.

Alipomaliza akauliza, "Ametufukuza?"

"Hapana, Mama," Japheti akajibu. "Kasema tutembee tu, mpaka jioni."

Hakumwamini Japheti. Akanigeukia mimi. Nikasema ni kweli.

Basi akaenda. Alitembea peke yake, mbali, mpaka kanga yake ikawa doa la njano. Tulimfuata kwa macho. Nilijua palepale kwamba nimempoteza, na nilikasirika; kiazi changu nikakirudisha mfukoni.

Alhamisi, 12 Machi.
Mama kasema. Tulikuwa tunachambua maharage.

"Burundi nilikimbizwa. Kambini nilipelekwa. Kwenda Buffalo walinipandisha ndege, hata jina la mji sikuweza kulitaja. Huku nataka kubaki, mwanangu."

Nikaenda kuoga, nikalia maji yakimwagika. Nimemchukia Japheti kwa kushinda, na hata si yeye aliyeshinda.

Ijumaa, 13 Machi.
Safari ya leo kaidai Mama mwenyewe. Kakaa kiti cha mbele, kaelekeza kwa kidole: hii, siyo hii, ingia hapo. Dereva katii kama mwanafunzi. Tukasimama mahali pasipo na kitu chochote, vichaka tu na upepo. Kapapenda.

Nikajaribu mara ya mwisho. Nikamtanguliza Neema. Nikasema mtoto analia kila jioni, hali chakula, anamtaka Bibi.

Mama akanitazama. Ananijua nikidanganya tangu sina meno.

"Shule ikifungwa mlete," akasema. Akaendelea kula.

Jumamosi, 14 Machi. Uwanja wa ndege.
Nimemkabidhi Japheti dawa za Mama na maelekezo marefu, mpaka akaniambia anajua kusoma. Tumecheka, tukakumbatiana. Bado nina hasira naye.

Mama kaniombea palepale mlangoni, kwa sauti, mkono kichwani pangu, watu wakitukwepa na mabegi yao. Mara zote mimi ndiye ninayemwonyesha njia viwanjani. Leo kanisukuma mgongoni: nenda, utachelewa.

Jumapili, 22 Machi. Buffalo.
Theluji inayeyuka, barabara tope. Ghalani wiki nzima sikusema na mtu. Jana nilimweleza Daudi habari za msimamizi wetu mpya. Alisikiliza karibu nusu.

Kanisani leo, wakati wa matangazo, mzee wa kanisa kasoma majina ya waliosafiri, waombewe warudi salama. Kamtaja Mama Japheti. Nikasimama. Nikasema tafadhali wamtoe kwa waliosafiri, Mama hayumo humo tena, amebaki Phoenix. Watu wakageuka. Mzee, kwa upole, akauliza nani amempeleka huko.

Nikasema hakuna. Amehama mwenyewe.

Wakasema amina, wengine wakichelewa kidogo. Nikakaa.